Kabla ufuge kambare kwenye kidimbwi cha kuogelea

Una kile kidimbwi cha plastiki cha kuogelea kinachokaa bure uani? Unaweza kukigeuza uwe unafugia kambare. Lakini msee, usikimbilie samaki. Mimi nilijaza maji ya mfereji asubuhi, jioni nikatia vifaranga 50. Kulipokucha wote walikuwa wanaelea. Klorini ile ile inayotukinga sisi na viini ndiyo iliwamaliza.

Acha maji wazi siku kadhaa, pampu ya hewa ikiyakoroga. Weka chujio la mawe, kisha anza na samaki wachache tu. Bakteria wanaoondoa sumu ya amonia huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga. Funika kwa neti pia. Kambare huruka nje. Mimi haraka ilinilia pesa. Wewe tulia.