Insha ya historia: kueleza vita bila kulaani kabila



Vijana wetu wa sekondari huombwa kuandika insha juu ya historia ya dunia: chanzo cha Vita Kuu ya Kwanza, Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, mwisho wa ukoloni. Wazazi wengi hutuuliza: “Mtoto wangu analala chini ya shitingi na daftari lake limeloa. Vita vya Wazungu vya mwaka 1914 vitamsaidia nini?”

Swali hilo ni la haki. Jibu la kwanza ni la shule: kijana anayejua kupanga mawazo katika insha ana msingi mzuri kwa mtihani wa serikali, ule ambao wanafunzi huuita Exetat, kwa sababu humo pia anatakiwa kuandika insha kwa Kifaransa. Jibu la pili linatuhusu sisi sote tunaotafuta amani. Insha ya historia ni mazoezi ya kujibu swali gumu: vita huanzaje, na nani aliyevianzisha? Kijana asiyeweza kulijibu kwa utulivu atajibiwa na mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo ana bunduki mkononi.

Mfano: vita vya 1914

Tuchukue swali la kawaida: “Eleza chanzo cha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.” Wanafunzi wengi huandika mstari mmoja: vita vilianza kwa sababu Gavrilo Princip alimpiga risasi mrithi wa ufalme wa Austria-Hungaria, Franz Ferdinand, mjini Sarajevo, tarehe 28 Juni 1914. Tarehe ni sahihi, lakini jibu halijatimia. Mtu mmoja aliuawa. Mbona walikufa mamilioni?

Mwalimu mzuri humfundisha mwanafunzi kugawa sababu katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni sababu za mbali. Ufaransa ilikuwa na uchungu tangu 1871, Ujerumani ilipochukua Alsace na sehemu ya Lorraine. Mataifa makubwa yalishindana kwa silaha na makoloni, tena yalikuwa yamefungana kwa mikataba: ukimgusa mmoja, wenzake wanaingia.

Fungu la pili ni sababu za karibu, yaani maamuzi ya viongozi. Tarehe 23 Julai Austria-Hungaria iliipa Serbia masharti makali mno. Tarehe 28 Julai ikatangaza vita. Tarehe 1 Agosti Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Urusi, na tarehe 3 dhidi ya Ufaransa. Tarehe 4 majeshi yake yakaingia Ubelgiji, na siku hiyo hiyo Uingereza nayo ikaingia vitani.

Fungu la tatu ni cheche, yaani zile risasi za Sarajevo. Princip alikuwa kijana wa miaka 19. Yeye na wenzake walipewa silaha na watu wazima waliokuwa na mipango yao. Jambo hilo, wazazi, hatuhitaji kwenda Ulaya ili kulielewa.

Kutoka cheche hadi moto mkubwa zilipita siku 37. Katika kila siku kulikuwa na mtu mwenye madaraka ambaye angeweza kusimama, kungoja au kujadiliana. Mwanafunzi akiliona hilo, ameelewa kwamba vita si mvua inayonyesha yenyewe. Vita huamuliwa na watu, na watu wanaweza kuamua vingine.

Moto ule ulifika hadi kwetu. Agosti 1914 meli ya Wajerumani ilishambulia upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, karibu na mahali palipo Kalemie leo. Septemba 1916 askari wa Kongo, chini ya maofisa wa Ubelgiji, waliingia Tabora. Nyuma yao walikuwako wapagazi wengi waliobeba mizigo ya vita ambavyo hawakuulizwa. Wengi wao hawakurudi nyumbani.

Taja aliyetenda, usitaje kabila zima

Kosa linaloonekana zaidi katika insha ni maneno kama “Wajerumani ni watu wa vita.” Mwanafunzi aulizwe: Wajerumani gani? Mwisho wa Julai 1914 maelfu ya wafanyakazi waliandamana Berlin kupinga vita. Desemba mwaka huo mbunge Karl Liebknecht alisimama peke yake bungeni na kukataa fedha za vita. Nao pia walikuwa Wajerumani. Kwa hiyo insha nzuri huandika “serikali ya Ujerumani ilitangaza vita,” na haisemi “Wajerumani walitaka vita.” Tofauti ya maneno ni ndogo, lakini kijana aliyezoea kuandika hivyo atasita pia kabla ya kusema “watu wa kabila fulani walituchomea nyumba.” Atauliza: ni nani hasa, na kwa amri ya nani? Kuuliza hivyo si kuwasamehe waovu. Ni njia ya kumpata mwenye hatia bila kumwonea asiye na hatia.

Kisasi kilivyopokezana, na kilivyokatwa

Mwaka 1871 ufalme mpya wa Ujerumani ulitangazwa katika jumba la Versailles, katika ardhi ya Ufaransa iliyoshindwa. Mwaka 1919 Wajerumani walipelekwa kutia sahihi mkataba wa kushindwa katika ukumbi ule ule. Mapatano ya kusimamisha vita ya 11 Novemba 1918 yalitiwa sahihi ndani ya behewa la treni huko Compiègne. Tarehe 22 Juni 1940 Hitler aliwalazimisha Wafaransa kutia sahihi kushindwa kwao ndani ya behewa lile lile. Kila upande ulikuwa na kumbukumbu ya kweli ya aibu, na kila upande uliitumia kuandaa vita vingine.

Baadaye mnyororo huo ulikatwa. Tarehe 22 Januari 1963 Charles de Gaulle na Konrad Adenauer walitia sahihi mkataba wa urafiki, na mamia ya shule na miji ya nchi hizo mbili ikaanza kutembeleana. Miaka 40 baadaye, Januari 2003, vijana wa Ufaransa na Ujerumani walikutana Berlin na kuomba kitabu kimoja cha historia kwa nchi zote mbili. Buku la kwanza lilitoka mwaka 2006, na mengine mawili yakafuata, la mwisho mwaka 2011. Maneno ni yale yale katika lugha mbili. Pale ambapo pande hizo mbili hutazama jambo kwa macho tofauti, kitabu kinaonyesha tofauti hiyo wazi. Shule hazikulazimishwa kukitumia. Hata hivyo, ombi la wanafunzi ndilo lililozaa kazi hiyo.

Tufanye nini kambini na nyumbani?

Mzazi hahitaji kuwa amesoma ili kusaidia. Mwombe mtoto akusomee insha yake kwa sauti, au akueleze kwa lugha ya nyumbani, kisha umuulize maswali manne:

1. Swali limekuomba nini: kueleza, kulinganisha, au kutoa maoni yako?
2. Ipi ni sababu ya mbali, ipi ya karibu, na ipi ni cheche?
3. Ni nani aliyetenda? Taja serikali, jeshi au mtu, usitaje kabila.
4. Umejuaje? Aliyesema aliona mwenyewe, au naye alisikia?

Nanyi wazee, mnapowasimulia vijana yaliyotupata, tenganisheni mliyoyaona na mliyoyasikia. Semeni pia majina ya majirani wa upande wa pili waliowaficha au kuwapa maji njiani, ikiwa kuwataja hakuwahatarishi. Hiyo nayo ni historia.

Kwa walimu na viongozi tuna maombi mawili. Msimlazimishe mtoto kuandika msiba wa familia yake. Vita vya mbali vinamsaidia kufikiri bila kufungua kidonda, na vya karibu ataviandika akiwa tayari. Tena majina ya mashahidi yasiandikwe katika madaftari yanayopita mikono mingi.

Karatasi zikikosekana, insha inaweza kuwa mjadala chini ya mti: kundi moja litetee jibu hili, lingine jibu lile, kisha wabadilishane nafasi. Kijana akilazimika kutetea maneno ya upande asioupenda, atalazimika kwanza kuyasikiliza.