Kufunga na Kuzimika: Istilahi Mbili za Seva
Mwenye duka wa Temeke afungapo jioni, huzuia wateja wapya, huwahudumia waliomo, kisha hufunga hesabu na mlango. Seva ya Java nayo hufungwa vivyo hivyo. Katika Tomcat, faili la usanidi hutaja, kwa kawaida, poti 8080 ya kupokea maombi na poti 8005 ya kusikiliza amri ya kufunga. Amri ifikapo, maombi mapya hukataliwa, yaliyoanza hupewa nafasi ya kumalizika, na hifadhidata huachiwa. Umeme ukatikapo Kinondoni, seva isiyo na akiba ya umeme haifungwi. Huzimika, na miamala iliyomo njiani huweza kupotea. Kiambishi -ik- kimebeba tofauti hiyo: tukio lisilotaja mtenda. Mwanaistilahi asiyafanye maneno hayo visawe.