Nzuri, ila...: Shukrani ya Tindiga na presha ya soka

MUULIZE mtu wa Tindiga habari za mvua. Jibu litaanza na neno moja tu: nzuri. Halafu inafuata 'ila'. Nzuri, ila maji yameingia shambani. Nzuri, ila mpunga wote umelala. Nzuri, tunamshukuru Mungu, ila nyumba imekwenda na maji.

Sasa msikilize mchezaji wa Ligi Kuu anapowekewa maiki mdomoni baada ya kipigo. Kwanza kabisa anamshukuru Mungu mechi imemalizika salama. Halafu inakuja ile ile: ila hatukuwa na bahati, tunakwenda kujipanga.

Mashabiki kwenye kibanda umiza huwa wanaguna. Pointi tatu zimeyeyuka, mikeka imechanika, halafu jamaa anashukuru? Anashukuru nini sasa?

Swali la haki kabisa. Ila jibu lake lipo, na watu wa Tindiga wanalijua vizuri kuliko wachambuzi wengi wa redioni.

MAJI YANAYOLISHA, MAJI YANAYOBEBA

Tindiga ni kata ya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Kamusi za zamani zinalo neno tindiga kwa maana ya kinamasi, na jina halikukosea. Ni eneo la chini, mvua zikikolea milimani maji yanateremka kuja huku. Ndiyo maana mpunga unakubali. Na ndiyo maana mpunga huo huo, mwaka mwingine, unaondoka na maji kabla haujaonja jembe la pili.

Kilosa nzima haijasahau mwisho wa mwaka 2009 na Januari 2010. Mto Mkondoa ulipasua tuta lake, maelfu ya watu wakahama nyumba zao na kwenda kulala kwenye mahema, reli ya kati nayo ikakatika. Waliokuwa watoto wa darasa la tatu wakati ule leo ndio wenye mashamba, ndio wenye bodaboda, na ndio wanaogombana vijiweni kuhusu Simba na Yanga.

Kwa mkulima wa bonde hili, soka ni mahali pa kwenda kupumua. Tatizo, mpira nao una mafuriko yake. Mtu amepoteza ekari mbili katikati ya wiki, Jumapili anakwenda kibandani kusahau kidogo, anakutana na Novemba 5, 2023: Simba 1, Yanga 5. Huyo utamwambia nini?

Na wenzetu wa Msimbazi wamepitia mengi. Yanga ilibeba ubingwa wa ligi misimu minne mfululizo, kuanzia 2021/22 hadi 2024/25. Mei 2025 Simba ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikafungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco, halafu ikatoka sare ya 1-1 marudiano yalipochezwa Zanzibar. Mwezi mmoja baadaye, Juni 25, Yanga ikamaliza kazi ya ligi kwa kuifunga 2-0. Mwezi wa namna hiyo unaweza kumfanya mtu mzima akose usingizi, na wapo waliokosa.

KAPOMBE WA MOROGORO

Kama kuna mchezaji ambaye watu wa mkoa huu wanaweza kumtumia kupima neno shukrani, ni Shomari Kapombe. Ni mtoto wa Morogoro, alianzia hapo hapo na Polisi Morogoro kabla ya Simba kumchukua mwaka 2011. Mwaka 2013 akaenda Ufaransa, AS Cannes. Mambo hayakwenda alivyotaka, akarudi nyumbani na kujiunga na Azam.

Mwaka 2016, akiwa kwenye kiwango cha kutisha pale Chamazi, akaugua. Damu ilikuwa imeganda kwenye mapafu. Akapelekwa Afrika Kusini kutibiwa, na kwa ugonjwa kama ule suala la kwanza siyo kucheza tena, suala ni kuishi. Akapona. Akarudi uwanjani, mwaka 2017 akarudi Simba.

Novemba 2018, Taifa Stars ikiwa kambini Afrika Kusini kujiandaa na mechi ya Lesotho, Kapombe akavunjika kifundo cha mguu. Hapo ndipo penye uchungu wenyewe. Msimu ule Simba ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, naye sehemu kubwa ya safari hiyo aliitazama akiwa majeruhi. Stars nayo ikafuzu AFCON ya Misri 2019, ya kwanza baada ya miaka 39. Kapombe hakuwemo.

Chama cha kimataifa cha wachezaji wa kulipwa, FIFPRO, kilitoa utafiti mwaka 2015 kuhusu watu wa aina hii. Asilimia 38 ya wachezaji waliohojiwa, wakiwa bado wanacheza, walionyesha dalili za sonona au wasiwasi. Waliopata majeraha makubwa matatu au zaidi walikuwa kwenye hatari mara mbili hadi nne zaidi. Kwa hiyo shabiki anapomwita mchezaji 'mgonjwa mgonjwa' au 'mteja wa hospitali', ajue anamrushia maneno mtu ambaye pengine usiku halali.

Agosti 6, 2025, uwanja wa Benjamin Mkapa, Stars dhidi ya Mauritania kwenye CHAN. Mechi ngumu, milango migumu, dakika za jioni zinaingia. Dakika ya 89 beki wa kulia anafunga. Kapombe, 1-0. Ukitaka kuelewa kwa nini goli la mechi ya makundi lilishangiliwa vile Morogoro, anzia 2016, usianzie dakika ya 88.

KALAMU NA DAFTARI

Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti uliokuja kuwa maarufu. Waligawa watu makundi matatu. Kundi moja liliandika kila wiki mambo yasiyozidi matano ya kushukuru, la pili likaandika kero, la tatu likaandika tu yaliyotokea. Wiki kumi. Walioandika ya kushukuru walijisikia vizuri zaidi kuhusu maisha yao na walikuwa na matumaini zaidi na wiki inayokuja.

Tusiikuze. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba kwa sonona na wasiwasi, zoezi hili peke yake linasaidia kidogo tu. Siyo dawa ya kila kitu. Mtu asiyelala wiki tatu, asiyekula, anayewaza kujidhuru, huyo apelekwe hospitali, asipewe daftari.

Ila kwa presha ya kawaida ya maisha, lina kazi. Akili ya mtu aliyeumia inafanya kama kamera ya marudio: inarudia kosa lile lile, penalti ile ile, siku ile ile maji yalipoingia. Kutaja kitu kimoja kilichobaki ni kumwambia mpiga picha ageuze kamera kidogo. Goli tulilofungwa halifutiki. Unaona tu kwamba uwanja ni mkubwa kuliko lile eneo la penalti.

Na kitajwe kwa jina. "Nashukuru kwa yote" haina uzito, ni kama kocha kusema timu ilicheza vizuri. Sema mbegu ya debe moja iliyobaki juu ya dari. Sema jirani aliyewapokea watoto usiku ule. Sema kinda wa miaka 19 aliyeingia dakika ya 70 akakokota mpira bila woga wakati timu iko nyuma mabao matatu.

Aliyewahi kuwa mbunge wa Mikumi, Joseph Haule, Profesa Jay wa Bongo Fleva, naye ni shahidi. Aliugua vibaya mwaka 2022, akakaa chumba cha wagonjwa mahututi Muhimbili kwa miezi. Alipopata nafuu alitoa wimbo, akauita Siku 462, akizihesabu siku za mateso yake. Akaanzisha na taasisi ya kusaidia wagonjwa wa figo. Angalia hapo: kwanza alihesabu siku mbaya, akazitaja kwa idadi. Asante ikaja na 'ila' yake.

USIMZIBE MTU MDOMO

Upande wa pili nao usemwe. Soka letu limelichezea sana hili neno. Dirisha la usajili likifika, klabu zinaweka mtandaoni picha ya mchezaji na maneno 'Thank You', na kila shabiki anajua maana yake: jamaa kapigwa panga. Shukrani imekuwa barua ya kuachishwa kazi. Mchezaji anaamka asubuhi anaona picha yake nzuri imepambwa rangi za klabu, na moyo unapasuka.

Kibaya zaidi ni ile shukuru ya kunyamazisha. Mchezaji hajalipwa miezi mitatu, anaambiwa ashukuru ana timu, wenzake wako mtaani. Mkulima amepoteza shamba, anaambiwa ashukuru yuko hai. Ni kweli yuko hai, na anashukuru, hukuhitaji kumkumbusha. Ila tuta la mto linabaki linahitaji kujengwa, na mshahara unabaki ni deni. Anayekuambia ushukuru ili usiulize, huyo anajisaidia mwenyewe.

Ndiyo maana ile salamu ya Tindiga ina akili. 'Nzuri' haifuti 'ila', na 'ila' haifuti 'nzuri'. Mtu anataja kilichobaki, anataja kilichoondoka, wote wawili mnajua mnaanzia wapi. Mchezaji aliyefungwa tano anaweza kufanya hivyo hivyo, bora tu 'ila' yake iwe ya kweli: nilimwacha mtu wangu, nilichelewa kurudi, mazoezini hatukulifanyia kazi. Mashabiki hawagunii shukrani. Wanachogunia ni shukrani ambayo inaishia hapo.

Shabiki naye anayo nafasi yake. Baada ya kipigo, kabla hajafungua simu kwenda kumtukana kipa, ataje kitu kimoja alichokiona kizuri, halafu aseme kilichomuuma. Akimaliza hapo, kama bado anataka kutukana, basi.

Masika huanza Machi, wakati ligi ikielekea lala salama. Mto unapanda, msimamo wa ligi unabana, na vijiweni Kilosa watu wanaulizana habari za mvua na habari za timu kwa pamoja. Nzuri, ila...