Mbegu Iliyolala Haijafa

Ndugu mkulima wa Mabogini, tangu mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulipokamilika mwaka 1987, maji yakitosha unaweza kuvuna mpunga na kupanda tena mwaka huo huo. Sasa umeloweka mbegu uliyovuna juzi juzi, zamu yako ya maji imefika, na mbegu haioti. Je, uwamwagie kuku? Ngoja kwanza! Huenda imelala tu.

Ndani ya punje mna vichocheo viwili vinavyoshindana. Asidi ya absisiki huzuia mbegu isiote. Jibereli huisukuma iote, wanga ugeuke sukari, chakula cha mche. Punje inapokomaa, absisiki ndiyo yenye nguvu. Hiyo ni kinga: mvua ikinyesha wakati wa mavuno, punje haziotei kwenye suke. Usingizi huu hurithiwa, na kila aina ya mpunga ina kiasi chake. Mpunga mwekundu wa magugu hulala sana, ndiyo maana huibuka jarubani msimu hata msimu. Mbegu kavu ikikaa ghalani wiki kadhaa, usingizi hupungua.

Basi, zaidi ya wiki tatu kabla ya kuloweka, weka punje 100 kwenye kitambaa kilicholowa, kisikauke. Baada ya siku 10 hesabu. Zimeota 80 au zaidi? Mwaga kitaluni. Ni chache? Anika mbegu juani siku kadhaa, ujaribu tena. Zikikataa tena, na ukizibinya zimeoza, hizo zimekufa. Tafuta nyingine mapema.

Jaribu kwanza, ndugu mkulima, ndipo umwage.