Mkwaju Ni Nani?

Asubuhi moja nikisubiri pantoni pale Kivukoni, nilimsikia mama muuza samaki akimgombeza mwanawe, utingo wa lori: "Endelea tu na wanawake wako wa njiani. Utaisha kama Mkwaju!" Nikamwamkia, nikamuuliza Mkwaju ni nani. Akacheka. "Mwanangu, ulikuwa hujazaliwa."

Kumbe Mkwaju hakuwa mtu wa kweli. Alikuwa dereva wa lori katika Twende na Wakati, mchezo wa redio ulioanza kurushwa na Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1993. Alihangaika na wanawake, mwisho akapata UKIMWI. Mkewe, Tunu, akajifunza kujitegemea.

Mimi nasomea ualimu, na jambo hili liliniuma. Kwenye mafunzo kwa vitendo nilifundisha kuhusu UKIMWI kipindi kizima. Wiki iliyofuata wanafunzi walikumbuka vifupisho tu. Huyu mama anamkumbuka Mkwaju hadi leo. Kwa nini?

Siri iko kwenye namna mchezo ulivyojengwa. Mbinu yenyewe ilibuniwa na Miguel Sabido, mtayarishaji wa tamthilia za televisheni nchini Mexico, miaka ya 1970. Anaweka wahusika wa aina tatu: mbaya, mwema, na yule anayeyumba katikati. Msikilizaji humfuata zaidi huyu wa tatu, maana anafanana naye. Anakosea, anajuta, anajaribu tena. Na hayo hayaishi siku moja. Mchezo unaendelea wiki hadi wiki, watu wanabishana nyumbani na vijiweni.

Je, ulisaidia kweli? Watafiti walipima. Hadi mwaka 1995 mtambo wa Dodoma haukuurusha mchezo huo, ukarusha vipindi vingine. Walipolinganisha, waliona matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kule ulikosikika. Bila shaka redio peke yake haitoshi. Anayeamua kubadilika lazima akute huduma kliniki.

Sasa tujitazame. Maigizo yetu hapa chuoni huchezwa siku moja, na mwishoni anaingia "daktari" kutuhubiria. Nimewahi kuwa huyo daktari, jamani. Ukumbi ulipiga makofi, basi. Tuandike mfululizo wa muhula mzima, mhusika mkuu awe mwanafunzi anayeyumba kama sisi.

Maana yule utingo naye hakumjua Mkwaju. Alimcheka mama yake, akadandia lori, akaondoka.