Kodrai Forodhani: Kitenzi Kimoja, Vifungu Viwili

Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ulioanza kutumika mwaka 1988, hutenga vitambaa vyenye vinyweleo kwa namna vilivyotengenezwa. Kodrai ya nyuzi za viwandani hufumwa kwa mtande na mshindio. Nyuzi za ziada za mshindio hukatwa, zikaacha vinyweleo vyenye mistari. Hiyo ni 5801.32. Kitambaa kinachofanana nayo, lakini kilichofumwa kwa vitanzi vinavyoshikana kama sweta, huingia 6001. Kiswahili huziita kazi zote mbili kufuma. Basi hati isemayo “kitambaa kilichofumwa” tu haimwongozi afisa wa forodha, na mfanyabiashara aweza kutozwa ushuru usiostahili. Yafaa itaje wazi: “kwa mtande na mshindio”, au “kwa vitanzi”.