Cheni Haivutiki, Inasagika

Cheni ya pikipiki au ya baiskeli ikianza kuruka meno, maelezo ya kwanza utakayoyasikia kijiweni ni uzito. Abiria wawili, gunia la kahawa, mikungu ya ndizi, kisha mlima: cheni imevutwa hadi imerefuka. Maelezo hayo yanashawishi, kwa sababu cheni chakavu ukiilaza kando ya mpya ni kweli huwa ndefu zaidi. Lakini chuma chake hakijavutika hata kidogo. Mtu wa kilo 80 akisimama na uzito wake wote juu ya pedeli, kwenye baiskeli ya kawaida yenye meno 44 mbele, cheni hubeba mvuto wa takribani kilo 150; cheni hiyohiyo haikatiki mpaka ivutwe kwa kilo 800 na zaidi. Nguvu iliyo mbali namna hiyo na mpaka wa chuma haiwezi kukirefusha. Kinachoirefusha cheni ni kitu kingine, na kwa mtu wa Kaagya, wa Kemondo au wa Kamachumu, huku kwetu Bukoba na Muleba, kukijua kitu hicho ni kujua fedha yake inapotelea wapi.

Tuitazame cheni kwa karibu. Kila kiungo kina pini inayopita ndani ya bushi, na juu ya bushi kuna rola inayokaa kati ya meno ya spoketi. Kiungo kikiingia kwenye spoketi kinakunjika, kikitoka kinanyooka, na kila mara pini inajisugua ndani ya bushi yake. Chukua pikipiki yenye spoketi ya nyuma ya meno 42, cheni ya viungo 120 na gurudumu lenye mzunguko wa mita 1.9. Ukipiga hesabu, kila kiungo kinakunjika au kunyooka zaidi ya mara 700 katika kilomita moja. Dereva anayekwenda kilomita 100 kwa siku anakikunja au kukinyoosha kila kiungo zaidi ya mara 70,000 kabla ya kulala. Pini na bushi zikisagika kwa milimita 0.13 tu, zaidi kidogo ya unene wa karatasi ya daftari, kila kiungo kinaongezeka asilimia 1. Zidisha kwa viungo 120, cheni imerefuka milimita 15, na hakuna bamba hata moja lililovutika. Urefu wote huo umetoka mahali ambapo jicho halifiki.

Ushahidi kwamba uzito si mshtakiwa mkuu uko barabarani kila siku ya soko. Baiskeli ya ndizi ikiwa na mikungu yake haiendeshwi kupanda mlima, inasukumwa. Wakati wa kusukuma, pedeli zimetulia, friwili inalia, na cheni haibebi hata kilo moja ya mzigo ule. Kwenye mteremko mwenye baiskeli anashughulika na breki, na cheni bado imepumzika. Kama uzito ndio ungekuwa unaila cheni, cheni ya baiskeli ya ndizi ingedumu kuliko zote. Haidumu. Unaikuta imekauka, ina kutu, imepakwa matope mekundu hadi kwenye krenki.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Nchi ya Bukoba na Muleba imekaa juu ya mawe ya mchanga ya kale sana. Wanajiolojia wameupa mfumo mzima wa miamba ya aina hiyo jina la mji wa Bukoba. Mawe hayo yakimomonyoka huacha chembe za kwatsi, na kwatsi hukwaruza hata chuma kilichokomazwa. Juu ya chembe hizo inanyesha mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka upande wa ziwani, mvua kubwa kuliko ya sehemu nyingi za Tanzania. Maji yanafanya kazi mbili mbaya kwa pamoja: yanaosha mafuta kutoka kwenye pini, na yanazipeleka chembe kule ndani ambako vumbi kavu peke yake lingechelewa kufika. Mchanga laini ukichanganyika na mafuta ndani ya bushi, unapata kitu kilekile ambacho fundi wa injini hukinunua kwa makusudi: dawa ya kusagia valvu. Yeye anaitumia kwa dakika chache kisha anaifuta. Kwenye cheni inabaki ikisaga kutoka masika hadi vuli.

Sisemi nguvu haina hatia kabisa. Usagaji unategemea vitu vitatu vikizidishana: msukumo kati ya pini na bushi, umbali wa kujisugua, na ukali wa kilichomo katikati. Spoketi ndogo ina adhabu yake: kwenye meno 14 kila kiungo kinajikunja nyuzi 26, kwenye meno 42 nyuzi 9 tu, na ndiyo maana spoketi ya mbele huchongoka kwanza. Anayetaka kuona nguvu inafanya nini cheni ikiwa nyembamba, aiangalie baiskeli ya mlimani ya umeme inayouzwa Ulaya. Mota yake imekaa kwenye krenki na inasukuma cheni ileile inayosukumwa na miguu. Mtu wa kawaida huzalisha wati 75 hadi 100 kwa kazi ya muda mrefu. Mota hizo kwa sheria ya Ulaya hazizidi wati 250 za mfululizo, na nyingi za zile zenye nguvu hufika msokoto wa nyutoni-mita 85. Kwenye gia ya mbele ya meno 32, mota peke yake inaongeza mvuto wa kilo 134 juu ya kilo 210 za mpandaji wetu aliyesimama kwenye pedeli. Waendeshaji wake wanajua vizuri kwamba cheni zao zinakwisha upesi kuliko za baiskeli zisizo na mota. Hata hivyo jumla hiyo ya kilo 344 bado iko chini ya nusu ya nguvu ya kuikata cheni. Hata pale, chuma hakivutiki. Kinasagwa, ila kwa msukumo mkubwa zaidi.

Wapo watakaosema kwamba tatizo la kwetu ni cheni feki. Hoja hiyo ina uzito na haistahili kupuuzwa. Pini nzuri hukomazwa juu kwa kuingizwa kaboni kwenye ngozi ya chuma, na pini isiyokomazwa vizuri husagika haraka mno. Kaboni ndani ya chuma si elimu ngeni Buhaya: mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wahunzi wa upande huu wa ziwa walikuwa wakizalisha chuma chenye kaboni kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Lakini tufikiri sawasawa. Ngozi ngumu ya pini ni nyembamba, na cheni halali nayo ikilishwa mchanga inaipoteza. Baada ya hapo inasagika kama feki. Tena hiyo feki ikiwekwa safi itaishi kuliko feki chafu. Ubora unaamua unaanzia wapi. Kasi ya safari inaamuliwa na uchafu, na uchafu uko mikononi mwa mwenye chombo, wakati kiwanda hakiko.

Hoja ngumu zaidi ni ya oili chafu. Dereva anajua kwamba oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini haina gharama, na anauliza kwa nini anunue nyingine wakati hata hiyo inalainisha. Ni kweli, cheni yenye oili chafu ni bora kuliko cheni kavu, na sitamlaumu mtu aliyeipaka akiwa Izimbya jioni na mvua imeanza. Shida ni kwamba oili hiyo inakuja na masizi na unga wa chuma wa injini, na kwa kawaida inamwagwa juu ya tope bila cheni kufutwa, hivyo inalibeba tope na kuliingiza ndani. Mafuta yanahitajika kati ya pini na bushi tu. Yanayong'aa nje yanakusanya mchanga. Kwa hiyo kazi yenyewe ni kuosha kwa brashi na mafuta ya taa, kuacha ikauke, kisha kutia tone la oili ya gia, ile namba 90, kwenye ukingo wa kila rola upande wa ndani. Wakati mzuri ni jioni cheni ikiwa na joto, ili oili ijipenyeze usiku. Asubuhi unaifuta nje kwa kitambaa mpaka mkono usichafuke. Chupa moja ya oili hiyo inakwenda muda mrefu, kwa sababu kinachotumika ni matone. Na kama pikipiki ilikuja na kava ya cheni, anayeivua ili aikaze cheni upesi amejitafutia hasara: kava ile inaizuia cheni isirushiwe tope na gurudumu.

Kuhusu kupima, tuna bahati ambayo wachache wanaijua. Cheni ya baiskeli na cheni za pikipiki nyingi za bodaboda zina hatua moja: nusu inchi, yaani milimita 12.7, kutoka pini hadi pini. Futi kamba ya seremala inatosha kwa zote mbili. Kaza cheni kwa mkono, weka mwanzo wa inchi katikati ya pini moja, hesabu hatua 24. Cheni mpya itaangukia inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, imefika nusu ya asilimia, na kwa baiskeli huo ni wakati wa kuibadilisha. Ikizidi kwa sehemu moja ya 8, friwili nayo imeanza kuharibika na cheni mpya itaruka juu yake. Pikipiki inastahimili zaidi; ukomo wake ni karibu asilimia 2, kama robo inchi. Fundi anayesema ubadilishe seti nzima yuko sahihi kwa pikipiki iliyofika hapo, kwa kuwa cheni na spoketi zimezeeka pamoja. Kwa baiskeli ushauri huohuo ni hasara ikiwa cheni imepimwa mapema, maana friwili moja inaweza kuzika cheni kadhaa.

Usagaji huu wa cheni ndio unaonifanya niwe na wasiwasi na baiskeli za umeme kabla hazijazoeleka kwenye milima yetu. Wengi watashauri mota iwekwe kwenye gurudumu, kwa kuwa nguvu yake haipiti kwenye cheni kabisa. Kwa barabara ya tambarare ushauri ni mzuri. Kwa mpando mrefu wenye mzigo, mota ya gurudumu haina gia za kubadilisha, inazunguka polepole na kupata moto. Ya kwenye krenki inatumia gia na kupanda. Basi anayeichukua hiyo ya krenki asiuziwe cheni ya gia 12 ya baiskeli za michezo, ambayo ndani ina upana wa milimita 2.2 tu. Cheni ya gia moja ina milimita 3.2, na bushi pana inagawa msukumo kwenye eneo kubwa zaidi. Achague yenye gia zilizofungiwa ndani ya habu, cheni nene, na kava inayoifunika cheni yote kutoka krenki hadi nyuma. Na kabla ya kulipa, aulize kama cheni ya aina hiyo inapatikana Bukoba mjini.